Alama za Makumbi

Riziki mwanangu,

Salamu na dua nitakupa kesho asubuhi kwa mdomo, pale mlangoni, mbele ya watu, na nitalia kidogo kama inavyotakiwa. Haya ya karatasi ni mengine. Weye umekwenda Wete kumuaga shangazi yako, na namjua yule, hakuachi uondoke hujashiba mara mbili. Kwa hiyo nina nafasi mpaka magharibi. Nimekaa hapa uani, nimechana kurasa za katikati za daftari lako la zamani la skuli. Usinigombeze. Magoti yananiuma, mgongo unaniuma, na nimechoka, lakini si kwa kazi ya leo. Nimechoka na jambo moja nililolibeba tangu weye uko ziwani unanyonya.

Sitakwambia habari za kula, kulala wala kuswali. Uliyoyashika umeyashika, na uliyoyaacha hutayaokota kwenye barua. Dawa zako nimezitia mfuko wa pembeni. Basi, hilo limekwisha.

Siku ile uliponisomea barua ya kazi ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Ulisimama mlangoni unasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: shirika la kuhifadhi misitu, kule bara milimani, litashirikiana na kikosi cha jeshi kulinda msitu, na weye utakuwa mtu wa kati, baina ya wanakijiji na askari. Baba yako akapiga makofi. Majirani wakapiga vigelegele. Kisha ukafika pale palipoandikwa kazi yako ya kwanza: kuwaorodhesha watu wanaoingia msituni na wanachokifuata huko. Mie nikasema nakwenda kutazama chungu jikoni. Hakukuwa na chungu, mwanangu. Moto ulikuwa umezimwa tangu adhuhuri.

Kazi kama hiyo mie nimeifanya. Hapa hapa Kiuyu, weye ukiwa na miezi saba. Hujapata kuisikia kwa sababu nilihakikisha huisikii.

Wakati ule mikoko yetu ilikuwa inakwisha. Leo mtu akiingia ndani yake hata ukimwita hakusikii, lakini miaka ile ukisimama pwani ulikuwa unaona mpaka ng'ambo, pamebaki visiki na tope. Zilikuja mashua kutoka nje zikipakia boriti mpaka zinataka kuzama. Sheha alikwenda kuzizuia mara moja, akaoneshwa panga, hakurudi tena. Ndipo likaja shirika la mazingira. Watu wazuri, wallahi, na ramani zao na miche ya mikoko kwenye vifuko vya plastiki. Tukapanda miche, mashua zikaja zikaikanyaga. Yule bwana wa mradi, kijana wa Unguja mwenye miwani, tulikuwa tunamwita Bwana Miradi. Mwisho akasema yeye kwa maneno kashindwa, sasa ataomba jeshi. Wakaandikiana na kambi: shirika lilete mafuta ya boti na ramani, jeshi lilete askari. Tukaitwa skuli tuambiwe.

Usimsikilize mtu wa leo akikwambia tulilazimishwa. Tulishangilia. Aliyekuja kuzungumza nasi alikuwa Luteni mmoja wa bara, mrefu, mpole, anayechagua maneno. Akasema, "Mama zangu, atakayekata mkoko tutamkamata, awe ni nani." Mie nilipiga makofi mpaka ukaamka ukalia.

Akasimama Bi Chumu. Weye umemjua Bi Chumu kwa ule mwisho wake, yuko kitandani, maneno yameshamtoka. Lakini huyo ni khaloo yangu, mdogo wake mama, ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na wakati ule maneno alikuwa nayo tele. Akauliza, "Na makumbi yetu je, afande?"

Luteni hakuelewa. Watu wakacheka. "Makumbi ya nazi, baba! Ya kusukia kamba!"

Weye hujawahi kuyafukia, siku hizi kamba za plastiki zimejaa kila duka, kwa hiyo acha nikueleze. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope, ndani ya mikoko, yakakaa huko miezi mpaka yakalainika. Juu yake unapanga mawe na kuzungushia fito za mkoko ili maji yakijaa yasiyachukue. Yakishaiva unayafukua, unayatwanga, unapata usumba, unasokota kamba. Ndiyo iliyotusomesha hiyo. Na kila mwanamke alikuwa na alama yake juu ya shimo lake: mawe kadhaa, kifuu, kitambaa. Alama ya mwenzio hata ukiijua huitaji. Ukipita unatazama pembeni. Kumtajia mtu alama yake mbele za watu ilikuwa sawa na kumvua kanga, maana akiijua kila mtu, kila mtu atajua pa kufukua.

Luteni akajikuna kichwa. "Sasa mama, mimi nitajuaje? Nikikuta fito za mkoko, nimekuta mkoko uliokatwa."

Kweli yake ile. Na mie nilikuwa katibu wa kamati, mwanamke peke yangu mle ndani. Nilifika kidato cha pili na mwandiko wangu ulikuwa unasifiwa. Unajua nilivyokuwa, Riziki? Nilikuwa mjinga mwenye mwandiko mzuri. Nikasimama na weye kiunoni nikasema, "Tuandike daftari. Kila mwenye shimo, jina lake, na alama yake ichorwe pembeni. Askari akiona alama iliyomo, aipite." Bwana Miradi akasema, "Ahsante sana, Bi Katibu." Nikajiona nimekuwa mrefu.

Na wazo lenyewe mpaka leo nikilitazama naliona zuri. Hilo ndilo linalonichosha.

Wanawake walikataa wiki nzima. Bi Chumu akaja hapa, hata hakukaa. "Mize, alama haziandikwi." Nikambembeleza. Nikamwambia tukikataa, mashimo yote yatahesabiwa ni ya wakata boriti. Mwisho wakakubali kwa sharti: daftari likae kwangu. Askari akiona shimo, aje aulize, mie nijibu imo au haimo, bila ya jina. Bi Chumu akaweka kiganja juu ya kizingiti akasema, "Daftari halitoki mlango huu." Nikasema halitoki. Nikaapa, na hakuna aliyeniambia niape.

Tulikwenda pwani bamvua mbili, maji yakipwa sana, mie na kalamu ya risasi na weye mgongoni. Wakanionesha mmoja mmoja, wenzake wamegeuza nyuso. Kifuu kilichofudikizwa. Utepe wa kanga nyekundu. Gamba la chaza juu ya jiwe bapa. Ya Bi Chumu ilikuwa mawe matatu na kigae cha chungu. Nilipomwonesha nilivyoichora aliitazama kitambo, kisha akasema, "Kigae umekifanya kikubwa mno, we mtoto. Changu si kikubwa hivyo." Lakini nilimwona amefurahi.

Ikaenda vizuri miezi. Luteni akimtuma askari: "Bi Katibu, mawe mawili na kifuu?" Namjibu, "Imo." Anakwenda zake. Mashua mbili za boriti zikakamatwa, ya tatu haikuja. Miche ikaanza kusimama. Ningekuwa nakusimulia mpaka hapo tu, ungeibeba hadithi hii kwenye mafunzo yako ukawahadithie.

Kisha Bwana Miradi akahamishwa. Wakubwa zake wakatoa ramani mpya, mikoko yote imepakwa wino mwekundu, haingii mtu mpaka miche ikue. Tangazo likabandikwa mlangoni kwa sheha: eneo limefungwa kwa matumizi yote. Wanawake wakaja kuniuliza. Unajua walilielewaje? Wakasema, "Matumizi? Makumbi yako chini ya tope, nani kayatumia? Yatatumiwa yakishatoka." Tukacheka, na mie nikacheka nao, na mie ndiye niliyekuwa najua kusoma. Nikawaambia halihusu makumbi, makumbi yamo daftarini.

Bwana mpya wa mradi akaja hapa asubuhi moja na askari mmoja kijana. Nilikuwa natwanga. "Bi Katibu, nimesikia una daftari zuri sana. Kazi ya kitaalamu hiyo." Akasema bora likae kambini, askari wasiwe wananisumbua kila mara. Akasema pia kwamba shirika linafungua ofisi Wete, na wanatafuta mwanamke anayejua kuandika.

Nakuomba usome hapa polepole. Sikutishwa. Hapana aliyeniinulia sauti. Yule askari ndiye aliyekupokea mikononi nilipoingia ndani, na ulikuwa unacheka unashika vifungo vyake. Nilinyanyua godoro, nikalitoa daftari, nikalipangusa vumbi kwa kanga yangu, nikampa. Nililipangusa, mwanangu, ili lionekane safi. Baba yako alikuwa dago Wambaa, amepiga kambi na wavuvi wenzake, hata wa kumuuliza hakuwapo, lakini na angekuwapo nisingemuuliza. Nilishajiona nimekaa Wete kwenye meza.

Siku ya nne ikawa bamvua. Wanawake wakashuka pwani kufukua, wakawakuta askari wanawasubiri na karatasi mkononi, zimenakiliwa kutoka daftarini. Shimo kwa shimo. Makumbi yakatupwa juu ya mchanga kuwa ushahidi, yakakauka pale pale yakaharibika, kazi ya miezi. Kila alama ikalinganishwa na karatasi, na jina likaitwa kwa sauti. Mbele yao alikuwa anatembea Faki, kwa sababu Faki ndiye aliyekuwa mlinzi wa kijiji, shirika lilimweka yeye awaoneshe askari njia za majini. Hakuonesha kingine chochote. Wanawake wakakalishwa uwanja wa skuli juani mpaka alasiri, wakaandikwa, wakaonywa, wakaachiwa.

Isipokuwa Bi Chumu. Aliulizwa kama mawe matatu na kigae ni alama yake. Akasema, "Sina alama." Akaoneshwa mchoro na jina lake pembeni. "Sina alama." Hakutaka kuitaja mbele za wanaume hata kama imeshatajwa. Wakasema huyu anakaidi, wakampeleka Wete. Alirudi siku ya tatu. Hakupigwa, nisiwasingizie watu. Walimpa chakula, na askari mmoja alimletea kanga ya mkewe ajifunike. Lakini alikaa huko na tope limemkaukia mpaka mapajani, hakuna aliyefikiri kumpa maji ya kujitoharisha, na siku mbili hakuswali. Hakulilia makumbi hata mara moja. Alililia swala zile mpaka maneno yalipomtoka.

Siku ile ile ya kwanza nilikwenda kambini, weye mgongoni, kumuombea. Luteni akanifungulia daftari. "Mama, huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Mimi nimeletewa na shirika, lina muhuri wao. Shirika wanasema wamepewa na kamati. Kamati ni nani, mama?"

Akavua kofia akajifuta jasho, na yeye nilimwona kachoka. Akasema, "Mimi sijui alama za mama zangu. Nisingezijua mpaka kesho." Nikarudi kwa miguu.

Weye ndipo unapokwenda kukaa, mwanangu, pale pale kati. Askari atakwambia kaletewa na shirika, shirika litakwambia limepewa na watu, na watu ni weye na kalamu yako. Sikwambii uiache kazi. Mashua hazikurudi, mikoko imesimama, hata kaa wamerudi, na bila ya wale askari leo pangekuwa jangwa la tope. Hilo nalijua na ndilo linalonizuia kulaani. Lakini kabla hujaandika jina la mtu, uliza nani atalisoma siku aliyekuajiri akihamishwa. Mie sikuuliza.

Sasa lile lenyewe. Hayo ya juu ni kosa, na kosa hilo ningelisema siku ile nafikiri wangenitukana mwezi mmoja, miwili, kisha wangenirudia. Nilifanya jengine.

Jioni ile niliporudi kutoka kambini, kabla ya magharibi, wanawake walikuja hapa. Walisimama pale penye mpapai, nyuso zimewaiva kwa jua. Mmoja akauliza, "Mize, daftari liko wapi?"

Nikasema, "Lipo."

"Lipo wapi?"

Nikaingia ndani. Nilikuwa na daftari jengine la jalada lile lile la kijani, naandika siku zako za kliniki. Nikalitoa nikalinyanyua mlangoni. "Si hili hapa?" Hawajui kusoma wale, na hapana aliyenyoosha mkono. Waliniamini, Riziki. Nikaona mabega yao yanashuka kwa kunionea huruma, kwamba nilikuwa nimeshukiwa bure.

Mmoja akasema, "Basi ni Faki huyo. Si yeye aliyekuwa mbele yao?"

Sikusema kitu. Nilikuwa nakunyonyesha, nikainamisha uso nikakutazama weye. Wao wakachukua kuwa nimekubali.

Sikulitaja jina lake, si siku ile wala baada yake. Miaka yote hii nimejitetea kwa hilo, mie sikumtaja, walimtaja wao. Nimelirudia mpaka limenichosha, kila nikilisema nalisikia bovu zaidi.

Faki aliapa mskitini na msahafu mkononi. Ikawa mbaya zaidi, watu wakasema kaongeza na kiapo cha uwongo. Chombo cha uvuvi kikawa hakimpakii. Mkewe wakaja nduguze wakamchukua. Akahamia kule mwisho, karibu na tanuri la chokaa, anasuka madema ya kutegea samaki na kuyauza kwa watu wa mbali wasiomjua. Shirika na askari walishaondoka kwenye jambo lile, kwao lilikwisha siku ile ile. Hapa ndipo halikwisha.

Na weye. Ulikuwa na miaka minne, tunatoka kisimani, ukamwona, ukasema, "Shikamoo, ami." Nilikuvuta mkono mpaka ukalia. Nikakwambia, "Yule haamkiwi." Hukuuliza kwa nini. Umekua hujauliza. Juzi tu umepita mbele yake na sanduku lako jipya, umegeuza shingo upande wa pili, na mie nilikuwa nyuma yako nimekutazama. Ile chuki si yako. Nimekuvisha mie, kwa sababu ungemwamkia kila siku mie ningemfikiria kila siku.

Ile ofisi ya Wete haikufunguliwa. Niliisubiri mwaka mzima, nishakuwa na nguo nimeitenga ya kwendea. Hili nakwambia ucheke, maana mie nimeshindwa.

Bi Chumu nilikwenda kumwambia mwaka jana, yuko kitandani hana maneno. Nilimnong'oneza sikioni yote. Alinitazama tu. Nikatoka najiona nimeshatua mzigo, nikalala vizuri siku tatu, kisha nikajiona mwongo zaidi. Kumwambia mtu asiyeweza kukujibu si kumwambia. Nimemwosha kwa mikono hii alipofariki, na nilipofika miguuni nilishindwa, ikabidi wenzangu wamalize. Walidhani ni majonzi.

Jana nilimwambia baba yako. Tangu hapo hajasema nami neno, isipokuwa aliuliza chumvi iko wapi. Umeona mwenyewe asubuhi ukadhani tumegombana kwa ajili ya nauli yako.

Na leo, weye ulipoondoka tu, nimekwenda kwa Faki.

Nilipiga hodi. "Nani?" "Mie, Mize." Kisha akasema, "Karibu basi, mbona unasimama juani." Alikuwa ameketi chini anasuka dema, kichwa chote cheupe. Hakunitazama. Nikamwambia nimesimama vile vile, kwa sababu magoti haya nikikaa siinuki upesi, na nilijua nitataka kukimbia. Nimemwambia godoro, vumbi, daftari la kijani, "lipo", kila kitu. Mikono yake iliendelea kusuka mpaka nilipofika mwisho, ndipo ikasimama.

Akasema, "Weye?"

"Mie."

Nilitegemea matusi, na nilikuwa nayataka. Akasema, "Nilidhani ni Hamad."

Hamad alikuwa ndugu yake, tumbo moja. Alikuwa anapika kambini wakati ule. Faki alijua yeye mwenyewe hakutoa alama, kwa hiyo miaka yote akatafuta nani katoa, na akili yake ikamfikisha kwa nduguye. Hakumwambia mtu. Alimsusa tu. "Alipofariki walikuja kuniita," akanambia. "Nikasema sitoki. Nilikaa hapa hapa nikasikia jeneza linapita. Sikumzika Hamad, Mize."

Toba, Riziki. Mie nilikwenda na dhambi yangu niliyoizoea, naijua urefu na upana. Sikujua kama ilizaa. Nililia, nikamwambia, "Faki, nakutaka radhi."

Akachukua ukuti wake akaendelea kusuka. "Radhi nitakupa ukishasema kwa watu," akasema. "Sasa hivi umenambia mie, na mie nilikuwa najua sikufanya. Umenipa nini?" Hakulisema kwa ukali. Kisha akanambia nirudi kabla jua halijawa kali, kwa ajili ya magoti. Alijua kama naumwa magoti.

Kwa hiyo kesho nitasema. Kesho ni arubaini ya Bi Chumu, hitima inasomwa nyumbani kwake baada ya adhuhuri, na watakuwepo wote waliobaki katika wale waliosimama penye mpapai, na binti zao, na nje wanaume. Weye boti yako inaondoka Wete asubuhi. Nimeomba uondoke kabla, na utaniuliza kwa nini. Kwa sababu ukiwa pembeni yangu utanishika mkono, na watu wanakupenda, msomi wao, watanihurumia kwa ajili yako. Nilishawahi kujificha nyuma ya uso wako mara moja. Sitaki mara ya pili.

Nimemwomba Faki aje. Akasema hajaalikwa kwenye kitu chochote miaka ishirini na kitu, hajui kama bado anajua kukaa na watu. Nikamwambia, nakualika mie, mie ndiye mfiwa. Akasema atatazama. Sijui kama atakuja. Sijui watanifanya nini. Huenda wakanifukuza hitimani kwa khaloo yangu mwenyewe, na nikifukuzwa nitatoka. Naogopa, mwanangu, nakwambia wazi, na mwandiko uliokuwa unasifiwa umeuona ulivyo.

Kubwa ninaloliogopa ni weye. Umenilea mie kuwa mtu mzuri kwa vile ulivyokuwa unanitazama. Kuanzia ukurasa huu utanitazama vyengine, na haki yako. Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Ukitaka kukaa miezi usinipigie, kaa. Lakini barua hii nitaitia juu kabisa kwenye sanduku, juu ya kanga, uikute ukiwa ndani ya boti, kwa sababu nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa mtu.

Simu yako itashika mtandao alasiri, mkikaribia Tanga. Wataanza kukupigia, wa kwanza shangazi yako, maana atakuja hitimani kutoa sinia za wanaume pale mlangoni, na yule hawezi kungoja. Atalia, atakuuliza kama umesikia alichokisema mama yako mbele ya watu. Usinitetee. Mwambie, "Najua, kanambia mwenyewe." Kisha mwache aseme mpaka achoke, na akishachoka nakuomba unisaidie jambo moja. Mie nitakuwa ndani na wanawake, wanaume wanakula nje, sitaona. Muulize kama Ami Faki alikuja. Na kama alikuja, muulize chakula kilipotolewa ni nani waliosogea wakakaa naye sinia moja.

Mamako,
Mize